Bakuli la Mama Zuhura

Jumatatu, 20 Juni 1994

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama vile gari linanisubiri. Hakuna gari. Chama cha ushirika hapa Mbinga kilitupunguza mwaka juzi, madereva sote, na lori langu limepandishwa juu ya mawe nyuma ya ghala. Bado naamka. Mwili mjinga huu.

Baridi kali. Ukungu mpaka saa nne. Nimechuma kahawa ya nyuma ya nyumba, debe moja na kitu. Uji bila sukari. Uvivu wa kwenda dukani.

Si uvivu. Daftari hili lilikuwa la safari za gari, sasa ni langu peke yangu na halisomwi na mtu, basi niandike ukweli. Duka la karibu ni la Mama Zuhura na mimi sipiti pale. Nikitaka sukari nazunguka kwa mashine ya kusaga, nashuka bondeni, natokea sokoni. Nusu saa nzima. Sababu ni bakuli.

Liko juu ya kabati, nalitazama sasa hivi. La bati, jeupe ndani, maua mekundu nje, rangi imebanduka kidogo ukingoni. Mama Zuhura alilileta siku ya tatu ya msiba wa mke wangu Rozina, limejaa wali wa nazi. Ndugu zangu kutoka kijijini kwetu Maguu walikula wakalamba vidole. Bakuli likabaki. Rozina hakurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu hata siku moja. Kikiingia kwake, kinatoka na kitu alichopika kwa mkono wake. Mimi sijui kupika. Basi limekaa. Tarehe 14 Julai Rozina anatimiza mwaka. Bakuli nalo.

Nina aibu. Nimeandika.

Jumatano, 22 Juni

Fundi cherehani wa barazani kwa Mama Zuhura nimekutana naye sokoni. Ananiambia jirani yako anahama. Anahama wapi? Anarudi pwani, Lindi, kwa binti yake. Duka limepangishwa kwa wanunuzi wa kahawa, wale wa pikapu mpya. Anaondoka Jumatatu ya tarehe 18 mwezi ujao.

Nimeshtuka kuliko nilivyotegemea. Miaka ishirini na mbili yuko pale. Mumewe, marehemu Mzee Abdallah, enzi za foleni alikuwa anamfichia Rozina nusu kilo ya sukari chini ya khanga. Sasa sukari iko kila duka, na wao ndio wanaondoka.

Akiondoka na bakuli lake liko kwangu, mimi nitakuwa mtu gani? Litarudi. Limejaa. Kabla ya tarehe 18.

Ijumaa, 24 Juni

Nimewaza nipike nini. Hakuna cha kuwaza. Maharage na dagaa, chungu kimoja, kama Rozina.

Watu wa Maguu walimcheka sana. Kwetu Wamatengo maharage ni maharage. Samaki wana sahani yao. Yeye, Mnyasa wa Chiwanda, alichanganya maharage yetu ya milimani na usipa, dagaa wa kwao ziwani, akatia karanga za kutwanga, akaita chakula. Mama yangu alisema huyu mwanamke anatuharibia maharage. Halafu mama yangu akaomba kuongezwa.

Mama Zuhura ndiye aliyekipenda kuliko wote. Kila wiki mbili tatu Rozina alimpelekea. Wali ukarudi, au mkate wa mchele, au samaki wa kupaka. Mimi nilikuwa barabarani. Nikirudi nakuta chakula, nakula, nalala.

Jumapili, 26 Juni

Baada ya Misa nimepika. Mungu anisamehe.

Maharage ya Maguu, kaka aliniletea gunia. Nimetia chumvi mwanzoni, yamegoma kuiva saa tano nzima. Dagaa wa sokoni nimewamwaga kama walivyo. Mchanga! Nimetafuna ufukwe mzima wa Ziwa Nyasa. Na uchungu juu yake. Nimekoroga kwa mwiko kama natafuta gia ya mlimani, mwisho kimekuwa tope la kijivu.

Kuku wamekula. Jogoo alionja akanitazama.

Jumanne, 28 Juni

Kahawa. Mvua ya manyunyu, nimeanua mara mbili.

Nimepita kwa mashine. Mama Zuhura kaniona kwa mbali, kainua mkono. Nikainama kama natazama tairi la baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya mtu mwingine. Mzee wa miaka hamsini na minane!

Jumamosi, 2 Julai

Mwanangu Severina amekuja kutoka Songea. Anauza mitumba huko, mambo yake si mabaya. Kaniletea koti la mzungu fulani, mikono mirefu, ndani lina jina la mwenyewe limeshonwa. Nimelivaa. Linazuia baridi.

Asubuhi kabla hajafika nilikuwa nimepika tena. Safari hii dagaa nimewaosha, maharage sikutia chumvi. Nimeonja. Si cha Rozina, lakini kinalika. Nikalishusha bakuli, nikalipangusa vumbi, nikaanza kupakua. Severina akaingia, akauliza nampelekea nani, nikasema Mama Zuhura. Akatazama jikoni, akashika kichwa.

"Baba, umepikia sufuria gani?"

"Hii kubwa."

"Hiyo si ndiyo tulipikia kitimoto kwenye kipaimara cha binamu Yohana?"

Nikakaa chini. Kwa kweli nikakaa chini, sakafuni.

Severina anasema mama yake alikuwa na sufuria ya pekee kwa chakula cha Mama Zuhura. Haikuguswa na nyama ya nguruwe tangu inunuliwe. Akaitoa nyuma ya debe la unga. Ndogo, ina waya umezungushwa kwenye mkono wake. Ule waya nilikuwa nauona miaka yote. Nilidhani mkono umelegea. Mara moja nilitaka kuukata kwa koleo niukaze vizuri, Rozina akaninyang'anya. Kumbe ilikuwa alama yake.

Nimeogopa. Karibu nimpelekee mwanamke wa Kiislamu chakula cha sufuria ya nguruwe, na jina la Rozina juu yake.

Jumapili, 3 Julai

Nakula yale maharage. Asubuhi, mchana, jioni.

Severina kabla ya kupanda basi kasema: "Baba, si utie sukari tu humo, au mayai, umpelekee?" Nimemjibu vibaya. Sukari ya dukani kumpelekea mwenye duka! Halafu akasema niende Chiwanda kwa bibi yake. Hata hivyo lazima mtu aende kumwarifu kuhusu Misa ya mwaka. Na bibi ndiye aliyemfundisha mama yake kupika.

Ana akili huyu mtoto. Sikumwambia.

Jumanne, 5 Julai

Nimeshuka ziwani. Lori la mfanyabiashara, limebeba soda na marobota ya mitumba, mimi juu ya marobota. Miaka thelathini nimeshika usukani, leo mzigo. Dereva anakanyaga breki mlima mzima badala ya kutumia gia. Harufu ya breki mpaka puani. Nimegonga bodi mara mbili. Akasimama, akachungulia, akasema mzee tulia. Nimetulia. Nimesali rozari.

Joto huku chini. Nimevua koti la mzungu.

Nimefika Chiwanda saa kumi na moja jioni. Mama mkwe yupo, mzima. Amekonda. Nimemwamkia kutoka uani, shikamoo mama, na yeye ameitikia akiwa amegeukia pembeni, kama inavyopasa. Desturi yao ni kali kuliko yetu. Mkwe wa kiume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe, na jikoni kwake hakanyagi. Sasa mtu hakanyagi jikoni, atafundishwaje kupika? Hili sikulifikiria nikiwa Mbinga.

Jumatano, 6 Julai

Nimefundishwa kupitia ukutani.

Asubuhi nilimwambia shemeji yangu Edmundi shida yangu, yeye akaingia ndani kumweleza mama yake. Kisha nikasikia kikongwe anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. Sijamsikia akicheka tangu nimwoe binti yake.

Akaamuru mafiga matatu yapangwe nje, nyuma ya jiko lake. Ukuta ni wa matete. Mimi nje na moto wangu, yeye ndani na moto wake. Anapika, na mimi napika. Anasema kwa sauti, ananitajia hatua moja moja. Watoto wa jirani wamejaa uani kutazama mzee mwenye mvi anapuliza moto. Wacheke tu.

Kwanza kuchambua. Usipa mmoja mmoja, kichwa toa, tumbo toa. Uchungu wote uko hapo. Ungo mzima umenichukua asubuhi yote. Nikakumbuka Rozina na Mama Zuhura barazani, ungo katikati yao, vidole vinakwenda, midomo inakwenda. Mimi nilikuwa napita nasema hawa kazi yao umbea tu. Kumbe walikuwa wanachambua chakula changu.

Kuosha maji baridi mara tatu. Mchanga unazama. Kukaanga wakavu bila mafuta mpaka walie, watatarike. Pale ndipo ukuta ulipouliza: "Wanalia?" Nikasema bado, mama. "Ngoja." Nikangoja. Wakalia. Kabla sijafungua mdomo akasema epua, harufu imemfikia.

Kitunguu, nyanya, karanga za kutwanga, maharage yaliyokwisha kuiva. Usipa mwisho kabisa. Nikachukua mwiko. Sijui alijuaje.

"Weka chini hicho. Usikoroge. Shika sufuria, tikisa."

Nimetikisa.

Alhamisi, 7 Julai

Leo nimerudia peke yangu, yeye akisikiliza tu. Kibakuli kimepitishwa kwake kwa mkono wa Edmundi. Kisha kibakuli kikatoka kitupu. Sikuwahi kufurahi hivi hata siku nilipopata leseni.

Halafu akaongea, kutoka ndani, polepole. Nilidhani anataka kunieleza kuhusu chumvi.

Kasema yeye hakumfundisha Rozina kuchanganya maharage na usipa. Kwao hakuna chakula hicho. Rozina alikibuni kwetu, akaja kumwonyesha yeye. Alipoolewa, miezi ya kwanza Maguu, alililia samaki. Kwa mama yangu chungu kilikuwa kimoja na ndani yake maharage, kila siku maharage, na bibi harusi mgeni hawezi kuomba chungu chake. Edmundi alipompelekea fungu la usipa, akawa anatia kidogo kidogo kwenye maharage ya mama yangu, ili ale cha kwao bila kumuudhi mtu. Baadaye akazoea. Baadaye akakipenda.

"Wewe ulikuwa safarini," mama mkwe kasema. Hakusema kwa ubaya.

Miaka thelathini na moja ya ndoa nimekula kile chakula. Sijauliza hata siku moja kimetoka wapi. Nilijua kila kona ya Mbinga hadi Songea, kila daraja, kila shimo. Hili sikulijua.

Nimekwenda kukaa ufukweni peke yangu. Nimelia. Basi.

Jumamosi, 9 Julai

Nimerudi. Kikapu cha usipa, zawadi ya mama mkwe. Kuhusu Misa amesema hawezi kupanda milima, magoti yanamuuma. Atawasha mshumaa huko huko.

Nimeshuka kwenye gari, hata kikapu sijakitua, fundi cherehani ananiita. Mama Zuhura haondoki tena tarehe 18. Wenye kahawa wanataka jengo mapema, msimu umepamba moto. Binti yake amempatia gari la kwenda Tunduru kutokea Songea Jumatano. Kwa hiyo hapa anaondoka Jumanne. Basi la alfajiri.

Jumanne ni mtondo.

Nilipanga kupika Alhamisi, siku yenyewe ya Rozina. Kichwani mwangu ilikuwa imekaa vizuri. Misa asubuhi, kisha bakuli. Nimekasirika. Nimekasirikia wenye kahawa, nimekasirikia basi, nimekasirikia kuku. Kisha nikaacha. Kesho Jumapili Mama Zuhura yuko kwa ndugu zake Kitai, anaaga. Ni Jumatatu au basi tena.

Jumapili, 10 Julai

Misa. Nimelipa nia ya Misa ya Rozina, Alhamisi.

Nimechambua usipa barazani kuanzia saa sita. Nimeloweka maharage. Sufuria yenye waya nimeisugua kwa majivu mpaka naona uso wangu. Sura mbaya.

Jumatatu, 11 Julai

Nitaandika taratibu, nisisahau.

Nimepika kuanzia asubuhi. Sikukoroga. Nilitikisa. Harufu ilipotoka nilishtuka nikageuka nyuma, nikidhani yupo. Nimesimama kidogo. Kisha nikapakua, nikafunika kwa kitambaa cha Rozina cha kudarizi, nikavaa koti la mzungu, nikatoka kwa njia fupi. Mara ya kwanza baada ya mwaka. Hatua themanini. Nimewahi kushuka mlima na breki zimekufa, sikuogopa hivi.

Duka tupu. Rafu tupu. Mama Zuhura amekaa juu ya sanduku katikati ya mabegi na magunia yaliyoshonwa, anafunga mkeka kwa kamba. Amezeeka kidogo. Na mimi pia, nadhani.

"Shemeji," kasema. Akaacha kamba.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani. Yote yalikimbia. Nikasema tu: "Mama Zuhura, nimeleta bakuli lako. Nisamehe nimechelewa. Nilikuwa sijui kupika."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akafunua. Akanusa. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akalitazama tena bakuli.

"Bakuli langu?"

"Lile uliloleta msibani. La wali."

"Baba Severina, bakuli hili la Rozina."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Rozina aliliokota mnadani miaka hiyo, alilipenda kwa ajili ya maua. Jumamosi ile kabla hajashikwa na homa alimletea maharage ndani yake. Jumatano Rozina akafariki. Bakuli lilikuwa kwake Mama Zuhura, limeoshwa, linasubiri zamu. Siku ya tatu akalijaza wali akalirudisha kwa mwenyewe. Asingeweza, kasema, kulipeleka tupu, hata kama mwenyewe hayupo kulipokea.

Mwaka mzima nimekimbia bakuli la mke wangu.

Limekaa juu ya kabati langu, nimelala chini yake, nimelionea aibu, nimezunguka kwa mashine ya kusaga kwa ajili yake, na lilikuwa limefika nyumbani siku ya tatu. Kila mwanamke wa mtaa huu angelitambua. Severina mwenyewe, alipoona napakua, labda alidhani nimechukua tu chombo cha nyumbani. Mimi tu. Mimi mwenye nyumba.

Nilicheka. Nilianza kucheka, sikuweza kuacha, na katikati kikageuka kitu kingine, nikajifuta kwa mkono wa koti. Mama Zuhura naye analia, anajifuta kwa mtandio, anacheka.

"Na mimi nilidhani nimekukosea," kasema. "Unanikimbia mwaka mzima! Nikasema labda wali ulikuwa na mawe."

"Wali ulikuwa mzuri sana," nikasema. Nilichelewa mwaka kusema hivyo.

Akatafuta kijiko, vijiko vimefungwa. Akaonja kwa mkono, maharage mawili, usipa mmoja. Akafumba macho. Nikasubiri kama niko kwenye mtihani wa leseni.

"Chumvi imepungua. Mwenzio alikuwa anazidisha." Akaonja tena. "Lakini ndicho. Ndicho chenyewe, shemeji."

Kisha likaja tatizo. Akitaka kuhamisha chakula anirudishie bakuli, hana pa kuhamishia. Vyombo vyote viko ndani ya gunia na gunia limeshonwa. Akashika mkasi. Nikamwambia acha. Chukua hivyo hivyo. Mtakula jioni hii, kitakachobaki mtakula njiani.

"Nichukue bakuli la marehemu? Mpaka Lindi?"

"Lilikuwa linakaa kwako nusu ya maisha yake."

Akaweka mkasi chini. Akalifunga kwa khanga, mafundo manne, akaliweka kando, mbali na mizigo mingine.

Nimerudi kwa njia fupi.

Jumanne, 12 Julai

Nimekwenda kumsindikiza basi saa kumi na mbili kasoro. Ukungu. Mizigo juu, bakuli mapajani. Kapunga mkono dirishani. Safari hii nami nimepunga.

Dereva wa basi anajua kazi. Ameondoa gari bila kulitikisa.

Alhamisi, 14 Julai

Mwaka.

Misa saa moja. Padri katamka jina lake lote vizuri. Severina amekuja, ndugu wa Maguu wamekuja. Nimepika mimi. Sufuria zote mbili, ile ya waya na ile kubwa, kubwa kwa ajili yetu na ya waya kwa fundi cherehani na wengine wa Kiislamu wa mtaani. Kaka yangu amekula sahani tatu, halafu akauliza nani kapika. Nilipomwambia alidhani namtania.

Nimewasimulia habari ya Rozina kulilia samaki. Kaka hakujua. Hakuna aliyejua. Wakae wakijua.

Jumamosi, 3 Septemba

Kahawa imekwisha nyuma ya nyumba. Jua la maana leo, la kwanza mwezi huu.

Sipiti tena kwa mashine. Dukani sasa kuna mizani mikubwa na kijana anayeandika. Mke wake ni mgeni, ametoka Njombe, hana mtu hapa. Wiki iliyopita nimempelekea maharage kwa sahani. Sahani imerudi na viazi vya kuchemsha. Sawa.

Saa tisa kondakta wa basi la Songea amesimama mlangoni. Anamtafuta mzee wa bakuli. Nikasema ni mimi. Kanipa mzigo, umefungwa kwa khanga ile ile, mafundo manne. Umetoka Lindi hadi Masasi kwa mkono wa mtu, Masasi hadi Tunduru kwa mwingine, Tunduru hadi Songea sijui kwa nani. Bakuli lenyewe limebanduka ukingoni mahali pengine papya.

Ndani kashata za nazi. Zimejaa. Chache zimevunjika. Hakuna barua. Mama Zuhura haandiki.

Nimekula moja barazani. Nyingine nimezigawa, fundi cherehani, yule mama wa Njombe, watoto waliokuwa wanapita. Mbili nimemwekea Severina. Nimeliosha bakuli, nimelikausha, sikuliweka juu ya kabati.

Nimeloweka maharage.